Chunya ina mlima na ina magofu, sasa ipate njia

Barabara ya kutoka Mbeya mjini kwenda Chunya huanza kupanda mara tu nyumba za mwisho zinapoachwa nyuma. Gari linaingia gia ndogo, kona zinafuatana, na pembeni yanapita mashamba ya viazi na pareto, kisha misonobari na mikaratusi, kisha ukungu. Huko juu pana mahali ambapo watalii wamepaita Mwisho wa Dunia: ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa uwanda wa Usangu umetandaa hadi upeo wa macho. Hapo mtu anahitaji koti. Halafu barabara inashuka upande wa pili, koti linavuliwa, na msafiri anaingia katika miombo ya Chunya, nchi ya tumbaku, asali na dhahabu.

Wengi wetu tunapita njia hiyo kwa ajili ya kazi au biashara. Karibu hakuna anayeipita kwa miguu, kwa hiari yake, akilipa pesa ili aonyeshwe kilichopo. Lakini duniani ipo aina ya utalii inayotegemea vitu vilevile ambavyo Chunya inavyo: mlima wa kupanda, magofu ya kufikia, na mwenyeji anayejua kueleza. Aina hiyo imepata umaarufu wake mkubwa nchini Peru, kwenye njia ya kale ya Wainka inayoishia Machu Picchu. Hapa nataka kueleza jinsi safari hizo zinavyoendeshwa, kwa nini Nyanda za Juu Kusini zinafaa kuwa nazo, na kazi ipi itangulie.

Peru walianza na kanuni

Mji wa Machu Picchu ulijengwa katikati ya karne ya 15, enzi za mtawala Pachacuti, kwenye mgongo wa mlima ulio mita 2,430 hivi juu ya usawa wa bahari. Wainka hawakuwa na zana za chuma, wala hawakutumia magurudumu kusafirishia mizigo. Mawe makubwa yalichongwa na kupangwa bila chokaa, yakabanana hadi kisu kisipite. Dola yao iliunganishwa na mtandao wa barabara za maelfu ya kilomita, ngazi juu ya ngazi, zilizopitwa na watu wa miguu na wanyama wa mizigo waitwao llama. Baada ya Wahispania kuingia mwaka 1532 dola ilivunjika, na mji ule ukaachwa.

Mwaka 1911 Mmarekani Hiram Bingham aliufikia mji huo, na vitabu vingi humsifu kwa "kuugundua". Ukweli ni kwamba alipelekwa na mkulima wa pale, Melchor Arteaga, na alipofika alikuta familia zikilima kwenye matuta yaleyale ya Wainka. Mwenyeji alikuwa anajua siku zote. Hilo ni jambo la kwanza la kushika kuhusu utalii wa magofu: maarifa huanzia kijijini, na safari inayompita mwanakijiji inapoteza nusu ya thamani yake.

Leo njia maarufu ya Wainka ina urefu wa kilomita 43 hivi na hutembewa kwa siku nne. Inapita magofu madogo kadhaa, inavuka mlango wa milima ulio mita 4,215, na asubuhi ya siku ya mwisho inamfikisha mgeni kwenye Lango la Jua, ambako anauona mji kwa mara ya kwanza kutoka juu. Huwezi kuipita peke yako, sharti uwe na mwongozaji mwenye leseni. Kila siku huruhusiwa kuanza watu 500 tu, na idadi hiyo inajumlisha waongozaji na wapagazi pamoja na wageni. Kila Februari, mvua zinapokuwa kali, njia hufungwa ili ikarabatiwe. Mpagazi ana kikomo cha uzito anaoruhusiwa kubeba.

Watu wakisikia kanuni hizo hudhani ni vikwazo vya biashara. Ukweli uko kinyume. Kwa kuwa nafasi ni chache, wageni huziwania miezi kadhaa kabla. Kwa kuwa mwongozaji ni lazima, vijana wa Cusco, mji wa jirani, wana kazi. Kwa kuwa njia hupumzishwa mwezi mzima, ngazi za miaka 500 bado zinakanyagika. UNESCO iliutambua mji huo kuwa urithi wa dunia mwaka 1983, lakini cheo hicho kisingeokoa ngazi hata moja kama njia ingeachwa wazi kwa kila mwenye viatu.

Kwa nini kwa miguu

Msomaji anaweza kuuliza: kama magofu yanafikika kwa gari au treni, mtu ajitese kwa nini? Jibu ni kwamba gofu halijielezi lenyewe. Ukuta uliobomoka ni mawe tu hadi ujue aliyejenga alifikaje hapo, alibeba nini, alikunywa maji gani na alimhofia nani. Maswali hayo hujibiwa na njia. Aliyepanda ngazi za Wainka kwa siku tatu anaelewa bila kuambiwa kwa nini dola ile ilijenga maghala na vituo vya kupumzikia kila baada ya umbali fulani. Miguu yake imekwisha kuomba kituo hicho.

Hata hapa Tanzania tunao mfano mzuri. Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa upande wa kaskazini, ni mabaki ya vijiji na mashamba ya matuta yaliyojengwa kwa mawe na kumwagiliwa kwa mifereji kutoka mito ya ukingoni. Jamii hiyo ya wakulima ilianza kustawi yapata karne ya 15, wakati uleule Wainka walipokuwa wakijenga matuta yao, na mashamba yakaja kuachwa katika karne ya 18. Watu wa mabara mawili wasiojuana walipata jibu moja kwa tatizo moja: udongo wa mteremko uzuiwe kwa mawe, na maji yaongozwe kwa mfereji. Wapo wageni wanaofika Engaruka kwa miguu, wakiteremka kutoka nyanda za Ngorongoro, na hao ndio wanaoona kwa macho maji yanakotoka. Anayefika kwa gari anaona marundo ya mawe kwenye uwanda mkavu na kushangaa mtu alilimaje pale.

Magofu ya Lupa

Sasa turudi Chunya. Magofu yake hayana karne tano. Ni ya jana, na watoto wa walioyajenga bado wako hai. Mwaka 1922 dhahabu ya mchangani ilipatikana katika Mto Lupa. Mji wa Mbeya wenyewe ulianzishwa mwaka 1927 kwa msukumo wa dhahabu hiyo. Kilichofuata kilitokana na mambo yaliyotokea mbali sana na hapa. Mdororo wa uchumi wa dunia ulianza 1929, Uingereza ikaacha kuifunga sarafu yake kwenye dhahabu mwaka 1931, na Marekani ikapandisha bei ya dhahabu hadi dola 35 kwa aunsi mwaka 1934. Watu wasio na kazi wakasikia kwamba Tanganyika kuna mto unaotoa dhahabu. Wakaja wazungu kwa mamia, na vibarua Waafrika kwa maelfu wakitoka kila upande wa nchi na nje yake.

Dhahabu ya mchangani haidumu. Mto ukichujwa unakwisha, na baada ya hapo lazima ufuatwe mwamba wenyewe ardhini, kazi inayotaka mtaji na mitambo. Ndipo ulipokuja mgodi wa Saza, uliochimba kuanzia 1939 hadi 1956 na kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa dhahabu Tanganyika, nyuma ya Geita. Ulipofungwa, watu walihama na mitambo ikanyamaza. Tangu mwaka 2016 eneo la Saza liko katika Wilaya ya Songwe, iliyomegwa kutoka Chunya, lakini kihistoria ni uwanja uleule wa Lupa.

Mabaki ya machimbo kama hayo yanasomeka kwa mpangilio. Kuna mashimo na mifereji ya wachimbaji wa mwanzo kando ya mito. Kuna misingi ya saruji iliyobeba mashine za kusagia mawe. Kuna vilima vya marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya dhahabu kukamuliwa. Kuna makaburi. Mtaalamu akisimama kwenye kilima cha marudio anaweza kueleza ukubwa wa mgodi uliokuwapo, na akitazama mpangilio wa nyumba ataonyesha nani aliishi upande wenye upepo na nani aliishi karibu na vumbi. Historia ya kazi na ubaguzi wa enzi ya ukoloni imeandikwa pale kwenye ardhi.

Mlima nao una sehemu yake katika hadithi hiyo. Lupa ilikuwa mbali na reli, na bidhaa zilizotoka upande wa Dodoma zilipita Iringa hadi Mbeya, kisha zikaivuka safu hii ya milima. Anayetembea kwenye mgongo wa mlima, akaona Mbeya upande mmoja na nchi ya Lupa ikishuka upande wa pili, anaelewa kwa nini Mbeya ikawa mji: palikuwa mahali pa mwisho pa kupumzisha mzigo kabla ya kuvuka.

Mfano wa safari ya siku nne

Safari ninayoipendekeza inalingana na ile ya Peru kwa siku, ingawa si kwa ugumu. Siku ya kwanza ni Loleza, kilele chenye zaidi ya mita 2,600 kinachouangalia mji wa Mbeya. Ni siku ya kuuzoesha mwili na ya mwongozaji kuwapima wageni wake. Siku ya pili ni kutembea mgongo wa safu hadi upande wa Mwisho wa Dunia, na kulala huko. Siku ya tatu gari linateremsha kundi Chunya mjini, takribani kilomita 70 kutoka Mbeya, na mchana unatumika kutembea kwenye machimbo ya kale pamoja na mzee aliyewahi kuchimba. Siku ya nne ni Saza, kwa ruhusa ya wenye eneo. Mwenye siku zaidi anaweza kuunganisha na Iringa: Isimila, penye zana za mawe za mamia ya maelfu ya miaka, na Kalenga, ngome ya chifu Mkwawa wa Wahehe iliyotekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894.

Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba. Juni na Julai usiku wa milimani ni wa baridi kali, na mgeni asidanganywe na neno Afrika kwenye tiketi yake. Kuanzia Novemba mvua hunyesha hadi Aprili au zaidi. Wakati huo radi za alasiri ni hatari kwa mtu aliye juu ya mgongo wa mlima, na kanuni ya waongozaji wazuri ni kuwa wameshuka kabla ya saa saba mchana.

Hesabu ya muda ni sehemu ya taaluma. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliweka kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo njia ya kilomita 5 yenye mpando wa mita 900 itamchukua mtu mzima mwenye afya saa mbili na nusu bila mapumziko. Mwongozaji anayesema "hapo tu, tunafika" hajapiga hesabu hiyo, na kundi lake litakutwa na giza njiani.

Kuhusu hewa, Mbeya mjini ni takribani mita 1,700, na vilele vya safu hii vinafika mita 2,800 na kidogo. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana kwa baadhi ya watu kuanzia mita 2,500 hivi, kwa sababu shinikizo la hewa hupungua na kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo kuliko kawaida. Katika urefu wetu hatari ni ndogo, lakini mwenye maumivu ya kichwa yanayoambatana na kichefuchefu ateremshwe, asipewe moyo wa kuendelea. Pole pole ni agizo la kitabibu.

Hatari kubwa kwenye safari hii iko chini, machimboni. Duara, yaani shimo la mgodi, la zamani lililofunikwa na nyasi halionekani hadi mguu umeingia. Kuta za mashimo hubomoka, hasa baada ya mvua. Kwenye marudio kunaweza kubaki zebaki au sayanidi, kwa hiyo hakuna kula wala kukaa chini pale, na mikono inaoshwa. Mwongozaji haingizi mgeni ndani ya duara lolote, hata kwa dakika moja ya picha. Tena, eneo linaloonekana limeachwa huenda lina mwenye leseni ya uchimbaji mdogo, hivyo hodi hupigwa kabla ya kuingia. Na mgeni asinunue dhahabu kutoka mkononi mwa mtu: tangu 2019 biashara hiyo ina masoko yake rasmi ya madini, Chunya ikiwa nalo.

Mzigo na anayeubeba

Safari hizi hazifanyiki bila wapagazi, ambao Kilimanjaro wanaitwa wagumu. Nchi hii inaijua kazi hiyo tangu enzi za misafara, mpagazi alipobeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kutoka bara hadi pwani. Leo Kilimanjaro kikomo ni kilo 20, sawa na Peru. Kikomo hicho kilipatikana baada ya wagumu kuumia na kufa kwa baridi na uchovu kwa miaka mingi. Nyanda za Juu Kusini zina bahati ya kuanza upya: mizani iwekwe siku ya kwanza, mahema na chakula cha mgumu viwe sawa na vya mgeni, na malipo yake yajulikane kabla ya safari kuanza. Kampuni inayopunguza bei kwa kumbebesha kijana kilo 35 inauza afya ya mtu mwingine.

Kazi itangulie tangazo

Kuna jambo la kisheria ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na majengo na miundo ya kabla ya 1886. Engaruka imo ndani ya ulinzi huo. Magofu ya Lupa, yaliyoanza 1922, yamo nje. Hata hivyo sheria hiyohiyo inampa waziri mwenye dhamana mamlaka ya kutangaza eneo lenye umuhimu wa kihistoria kuwa kumbukumbu inayolindwa. Jirani zetu wa Mbozi wanacho kimondo cha tani 12 hivi kinacholindwa kama urithi wa taifa. Uwanja wa dhahabu uliozaa mji wa Mbeya unastahili walau sehemu moja iliyopimwa na kutangazwa.

Muda hautusubiri. Dhahabu ikipanda bei, marudio ya zamani yanabebwa na kupelekwa kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, jambo linaloeleweka kwa mtu anayetafuta riziki, lakini kila lori linaondoka na ukurasa wa historia. Wapo pia wanaobomoa misingi na kufukua makaburi wakitafuta hazina inayosemekana ilifichwa na Wajerumani. Hakuna hazina wanayoipata, na wanaharibu ile iliyopo. Sisemi wachimbaji wazuiwe kuchimba. Nasema maeneo machache yatengwe kwa makubaliano yao, na wao wenyewe wawe wa kwanza kufundishwa uongozaji, kwa kuwa hakuna chuo kinachoijua Lupa kuliko wao.

Kwa mpangilio, kazi ni hizi. Halmashauri za Chunya na Songwe, pamoja na wataalamu wa mambo ya kale, waorodheshe magofu na kuyapiga picha kabla hayajatoweka. Maeneo matatu au manne yaombewe ulinzi wa waziri. Wakala wa Huduma za Misitu uchore njia moja rasmi ya mgongo wa mlima, yenye alama na mahali pa kulala. Vijana wapate mafunzo na leseni za kuongoza watalii kama Sheria ya Utalii ya 2008 inavyotaka, na wazee wa machimbo warekodiwe wakingali na nguvu za kusimulia. Idadi ya wageni kwa siku na uzito wa mzigo viandikwe kabla ya bango la kwanza kubandikwa.

Msomaji wa Mbeya, Chunya au Iringa usingoje watalii wa nje. Jumamosi ijayo yenye anga safi, tafuta mwongozaji wa mtaani kwako, mlipe haki yake, panda Loleza. Likizo ikifika wapeleke watoto Chunya, na muulize mzee aliyeko pale nani alichimba, alilipwa nini na aliishi wapi. Magofu yenye wenyeji wanaoyatembelea hayabomolewi kirahisi.